Sura ya Sita: Ukoo wa Wavushaji

Barabara ya lami inayopita Kolandoto, jirani na hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, inakupeleka pande mbili. Upande mmoja ni Maganzo, Mwadui na hatimaye Mwanza. Upande wa pili ni Shinyanga mjini, na ukizidi kwenda, Tinde, pale barabara za Nzega na Kahama zinapoachana. Abiria wengi wanaijua Tinde kwa mabasi na malori. Wataalamu wa magonjwa ya kitropiki wanaijua kwa jambo jingine: kwa miaka 18 palifanyika hapo utafiti ambao mpaka leo unatajwa kwa jina la mahali penyewe, Jaribio la Tinde.

Ni jaribio rahisi kulieleza, gumu kulitekeleza. Mwaka 1934 watafiti wa serikali ya Tanganyika walichukua vimelea vya malale, Trypanosoma brucei rhodesiense, kutoka kwa mgonjwa. Mbung'o wakavinyonya vimelea hivyo, wakamuuma kondoo. Mbung'o wengine wakanyonya damu ya kondoo huyo, wakamuuma kondoo wa pili. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Walichotaka kujua ni kama kimelea kilichokaa muda mrefu ndani ya wanyama kingepoteza uwezo wa kuishi ndani ya mtu. Kila baada ya muda watu waliojitolea waliumwa na mbung'o hao, na waliougua wakatibiwa. Leo hakuna kamati ya maadili ya utafiti ambayo ingeidhinisha jambo hilo. Willett na Fairbairn walipochapisha taarifa yao mwaka 1955 jibu lilikuwa wazi: miaka 18 ya kupitishwa katika kondoo haikutosha. Kimelea kiliendelea kuwaambukiza watu.

Shinyanga haikuangukiwa na kazi hiyo kwa bahati tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 malale yalizuka Maswa, na ng'ombe wa Usukuma walikuwa wakifa kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, aliweka makao ya utafiti wa mbung'o Old Shinyanga, akaongoza kazi hiyo hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Spishi mojawapo ya mbung'o wa ukanda huu, Glossina swynnertoni, inabeba jina lake. Silaha kubwa ya wakati huo ilikuwa shoka: watemi waliwaita watu, vichaka vikafyekwa, mbung'o wakakosa kivuli. Ng'ombe waliongezeka na miti ikaisha, hadi mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 kurudisha ngitili, yaani malisho ya akiba ya Wasukuma. Sijui hesabu ya namna gani ingeweza kuamua nani alipata na nani alipoteza katika biashara hiyo.

Lakini turudi kwa kondoo wa Tinde, maana swali lao lilijibiwa nusu tu. Tulijua kwamba kimelea hakikupoteza uwezo wake. Hatukujua uwezo huo unakaa wapi. Nusu ya pili ilipatikana miongo kadhaa baadaye katika maabara za Brussels. Damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1 inayotoboa trypanosoma na kuziua. Ndiyo sababu Trypanosoma brucei brucei, ndugu wa karibu kabisa wa kimelea cha Tinde, anaishi ndani ya ng'ombe na wanyama wa porini lakini anakufa akiingia katika damu ya mtu. Kimelea cha Tinde kinapona kwa sababu kina jeni moja ya ziada, SRA, ambayo protini yake inaikamata APOL1 na kuivunja nguvu. Mwaka 1998 Xong na wenzake waliichukua jeni hiyo, wakaipandikiza katika trypanosoma ya ng'ombe, na trypanosoma hiyo ikaanza kuhimili damu ya binadamu. Jeni moja ndiyo tofauti kati ya ugonjwa wa mifugo na ugonjwa wa watu.

Sasa jeni, hata iwe hatari namna gani, ikibaki ilipo haimdhuru mtu. SRA imeandikwa katika DNA, na DNA ya trypanosoma, kama yetu, imefungiwa ndani ya kiini cha seli. Viwanda vya kutengeneza protini, ribosomu, viko nje ya kiini. Ili protini ipatikane lazima nakala ya jeni itengenezwe kwa RNA, isafishwe, kisha itolewe nje. Nakala hiyo ndiyo RNA mjumbe. Sura hii inahusu hatua ya kutoka, ambayo vitabu vya shule huipita kwa mstari mmoja wenye mshale. Mshale huo unaficha ukoo mzima wa protini.

Kiini kimezungukwa na utando wa tabaka mbili, na utando huo una matundu. Seli ya binadamu ina matundu elfu mbili au tatu. Hamira ina takriban 200. Kila tundu limejengwa kwa aina zipatazo 30 za protini, zikirudiwarudiwa hadi kufika mamia, zote zikijipanga katika pande nane. Katikati ya tundu hakuna uwazi mtupu. Kuna nyuzi za protini zilizojaa asidi amino mbili, fenilalanini na glisini, zinazoning'inia na kushikamana hadi kuwa kama rojo zito. Molekuli ndogo hupenya bila kuuliza. Kubwa hukwama, isipokuwa ikiwa na mwenzi anayejua kuchanganyika na nyuzi hizo. RNA mjumbe ni kubwa, tena imejaa chaji hasi kila mahali. Peke yake haitoki.

Waliokulia jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui wataelewa kwa nini kutoka ni jambo zito kuliko kuingia. Anayeingia huulizwa anakwenda kwa nani, anayetoka hupekuliwa. Seli zetu zina desturi hiyo hiyo. RNA ya binadamu inapoandikwa huwa na vipande visivyotakiwa katikati. Lazima vikatwe, ncha ya mbele ivishwe kofia ya kemikali, na ncha ya nyuma iongezewe mkia wa adenini. Protini zinazofanya kazi hizo huacha alama juu ya RNA, na alama hizo ndizo zinazomwita mvushaji. RNA iliyoharibika haina alama, haipati mvushaji, inaozea ndani.

Mvushaji mwenyewe aligunduliwa mara mbili, na watu wasiokuwa wakitafuta kitu kimoja. Mwaka 1997, kule Heidelberg, Alexandra Segref, Ed Hurt na wenzao walikuta protini ya hamira ambayo ikiharibika RNA mjumbe zinarundikana ndani ya kiini. Wakaiita Mex67. Wakati huo huo wataalamu wa virusi walikuwa wakihangaika na virusi vya nyani viitwavyo Mason-Pfizer. Virusi hivi vinahitaji kutoa nje RNA ambayo haijakatwa, yaani RNA ambayo seli ingeizuia. Mwaka 1998 Elisa Izaurralde na wenzake walionyesha ujanja wa virusi hivyo: RNA ya virusi ina sehemu iliyojikunja kwa umbo maalumu, na umbo hilo linamkamata mvushaji wa seli moja kwa moja bila kungoja alama. Mvushaji huyo wa binadamu aliitwa TAP, siku hizi NXF1. Walipolinganisha, TAP na Mex67 zilikuwa ndugu. Virusi vya UKIMWI, kwa taarifa ya msomaji, vilichagua njia nyingine: protini yao ya Rev inamtumia CRM1, mvushaji wa ukoo tofauti kabisa. Tatizo moja, wezi wawili, milango miwili.

Undugu wa TAP na Mex67 ulithibitishwa kwa jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote katika fani hii. Mwaka 1999 Jun Katahira, Hurt na wenzao walichukua hamira iliyokuwa ikifa kwa kukosa wavushaji wake, wakaipa protini za binadamu. Hamira ikaishi. Mex67 haifanyi kazi peke yake. Ina mwenzi mdogo, Mtr2, kama vile NXF1 ilivyo na mwenzi wake, NXT1. Waliposoma mpangilio wa asidi amino wa Mtr2 na NXT1, herufi kwa herufi, hawakuona kufanana kokote kwa maana. Lakini ukizitazama kwa umbo zimekunjwa vilevile. Kwa hiyo katika koo za protini, sura ya mwili inaweza kudumu wakati majina yote yamebadilika. Na ukoo unapanuka zaidi ya hapo: NXT1 ni binamu wa NTF2, protini ambayo kazi yake ni kuingiza kitu ndani ya kiini, si kutoa. Ndugu wawili, langoni pamoja, kila mmoja akielekea upande wake.

Mvushaji NXF1 ana sehemu nne. Mbili za mbele hushika RNA, ya tatu humshika mwenzi wake NXT1, na ya tatu hiyo pamoja na ya nne huzishika nyuzi za tunduni. Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu zake za kushika RNA ni dhaifu. Inapokuwa peke yake imejikunja, haishiki vizuri. Lazima protini nyingine, hasa Aly na wenzake wa kundi la TREX, ziikunjue na kuikabidhi RNA. Ndiyo maana haimbebi kila anayepita.

Hapa nako ukoo unajitokeza. Mtu angetegemea kwamba Aly ikiondolewa kila kitu kinasimama. Katika hamira ni kweli, ndugu yake Yra1 akiondoka seli inakufa. Katika nzi wa matunda Aly ikiondolewa RNA nyingi zinaendelea kutoka. Katika seli za binadamu kuna protini iitwayo UIF inayoshika nafasi, na nyingine, LUZP4, inayoonekana zaidi katika korodani na katika baadhi ya saratani. Mmea mdogo wa Arabidopsis, unaotumiwa sana maabara, una Aly nne. Hata protini inayomleta Aly kwenye RNA ina pacha wake kwa binadamu: UAP56 na URH49 zinafanana kwa takriban asilimia 90, na bado watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2010 kwamba kila moja inaongoza kundi lake na kuhudumia RNA tofauti. Kufanana kwa asilimia 90 hakukuzuia kugawana kazi.

Mgawanyo huo wa kazi ndio moyo wa sura hii, na anayeuonyesha vizuri kuliko wote ni nzi wa matunda. Katika historia yake, jeni ya mvushaji ilinakiliwa zaidi ya mara moja. Nakala ya kwanza, Nxf1, iliendelea na kazi ya mababu. Nakala zilizobaki zilikuwa huru kujaribu mengine. Mwaka 2019 maabara kadhaa, karibu kwa pamoja, zilieleza ziliishia wapi. Nxf3 inatoa nje malighafi za RNA ndogo zinazolinda mayai ya nzi dhidi ya jeni rukaji, yaani jeni zinazorukaruka kutoka sehemu moja ya DNA hadi nyingine, tena haipiti kwa njia ya baba yake: imemwajiri CRM1, mvushaji yule yule anayetumiwa na virusi vya UKIMWI. Nxf2 imeacha kabisa kuvusha. Inaishika RNA ya jeni rukaji pale pale inapoandikwa na kusaidia kuinyamazisha. Mtoto wa mvushaji amekuwa mlinzi anayezuia watu kutoka. Sisi nasi tuna NXF2, NXF3 na NXF5, zote katika kromosomu ya X, lakini mtu asidhani kwamba namba zinalingana na za nzi. Ndugu hao walizaliwa katika nyumba tofauti, baada ya koo kuachana.

Kosa hilo, la kudhani kwamba jina moja ni kazi moja, limewagharimu watafiti wengi muda. Nalitaja kwa sababu tunarudi sasa kwenye kimelea cha Tinde, na huko ndiko kosa lenyewe lingeleta hasara kubwa.

Jenomu ya Trypanosoma brucei ilichapishwa mwaka 2005: kromosomu kubwa 11, jeni zaidi ya 9,000. Watafiti walipozipekua jeni hizo kutafuta vifaa vya kutolea RNA walikuta rafu karibu tupu. Mex67 ilikuwepo. Mtr2 ilikuwepo. Ndugu wa UAP56 alikuwepo. Aly haikuonekana. Gle1 haikuonekana. Dbp5 haikuonekana. Mbili hizi za mwisho zinahitaji maelezo, kwa sababu kwetu na kwa hamira ndizo zinazoamua mwelekeo wa safari. RNA inapochungulia upande wa nje wa tundu, Dbp5, ambayo kwetu inaitwa DDX19, ikisaidiwa na Gle1, inaichomoa Mex67 kwenye RNA kwa kutumia nishati ya ATP. RNA iliyopoteza mvushaji haiwezi kurudi ndani. Kupita kwenyewe huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 2010 Grünwald na Singer waliipima RNA moja moja na kupata takriban milisekunde 180. Kumbe gharama inalipwa mlangoni, nje. Kimelea hakina mlipaji huyo.

Tofauti haikuishia kwa protini mbili. Samson Obado, Michael Rout, Mark Field na wenzao walipochora mwaka 2016 ramani ya tundu la trypanosoma, protini kwa protini, waliona kwamba tundu lenyewe linakaribia kufanana pande zote mbili, ndani na nje. Jukwaa ambalo kwetu limebandikwa upande wa nje ili kumpokea Dbp5 halipo. Badala yake, Mex67 ya kimelea ilinaswa ikiwa pamoja na Ran, protini ndogo ambayo sisi tunaitumia kuelekeza usafiri wa protini, si usafiri wa kawaida wa RNA mjumbe. Inaonekana kimelea kinatoa RNA zake kwa injini ambayo sisi tumeiweka kwenye gari jingine. Trypanosoma ziliachana na ukoo uliotuzaa sisi zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Huenda hivyo ndivyo kazi ilivyofanyika zamani sana, kabla babu zetu hawajabuni mlipaji wa nje. Au trypanosoma walibuni ya kwao. Mimi naegemea upande wa kwanza.

Sababu ya kimelea kuridhika na ukaguzi mdogo iko katika namna jeni zake zilivyopangwa. Kwetu kila jeni ina swichi yake. Kwa trypanosoma makumi ya jeni husomwa kwa mfululizo mmoja, halafu utepe huo mrefu hukatwa vipande, na kila kipande huvishwa mbele kofia ile ile yenye nukleotidi 39. Vipande visivyotakiwa katikati ya jeni, ambavyo kwetu ni vingi mno, kwao vimejulikana katika jeni mbili tu. Hakuna mengi ya kukagua. Susanne Kramer na wenzake wa Würzburg walionyesha mwaka 2019 jambo ambalo kwa seli yetu ni mwiko: RNA ndefu sana ya kimelea inaweza kuwa imeshatoa kichwa nje ya tundu wakati mkia wake bado unaandikwa ndani. Na hapo awali kundi hilo lilikuwa limeona kwamba ukiizuia kofia isivishwe, RNA mbovu hazibaki zote ndani. Nyingine hurundikana kuuzunguka utando wa kiini, upande wa nje. Yaani ukaguzi upo, ila baadhi yake unafanyika barabarani.

Na bado Mex67 ya kimelea ni ya lazima. Mwaka 2013 Dostalova, Schimanski na wenzao wa Bern walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba bila hiyo RNA hunasa ndani ya kiini na seli haikui. Walionyesha pia kwamba mbele ya protini hiyo kuna kiungo kisichokuwepo kwa mtu wala kwa hamira: kidole cha zinki, yaani kipande kidogo cha protini kilichojikunja kuizunguka atomu ya zinki. Wakikiharibu kidole hicho, Mex67 haifanyi kazi. Miaka 6 baadaye Eva Hegedűsová na Zdeněk Paris, huko Jamhuri ya Cheki, waliongeza jambo jingine: Mex67 na Mtr2 za kimelea zinavusha pia baadhi ya RNA zinazobeba asidi amino, na si lazima kila mara zifanye hivyo kama jozi. Kisha ikajulikana kwamba trypanosoma nao wana ndugu watatu. Mex67 na Mex67b hukaa kwenye tundu. Wa tatu, Mex67L, hukaa zaidi katika nukleolo, mahali sehemu za ribosomu zinapotengenezwa. Kimelea chenye vifaa vichache kimefanya alichofanya nzi: kimenakili mvushaji na kuwagawia ndugu kazi.

Msomaji wa Kolandoto ana haki ya kuuliza haya yote yanamponya nani. Malale ya rhodesiense huua kwa wiki au miezi, si miaka. Kwa muda mrefu mgonjwa ambaye vimelea vimeshafika kwenye ubongo alitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya miaka ya 1940 yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza fexinidazole katika mwongozo wa kutibu rhodesiense, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Ni vidonge vya siku 10. Kwa aliyewahi kuona melarsoprol ikiingia katika mshipa, hayo ni mapinduzi.

Lakini dawa inayogusa mada yetu ni acoziborole. Hii inamezwa mara moja tu. Katika majaribio yaliyofanyika Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208 wa gambiense, aina ya magharibi ya malale, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba asilimia 95 ya waliokuwa katika hatua ya ubongo walipona. Inafanya nini ndani ya kimelea? Inakifunga kimeng'enya kiitwacho CPSF3, mkasi unaokata utepe wa RNA kabla haujatoka kwenye kiini. Sisi pia tunao CPSF3. Ni ndugu. Dawa inaua kimelea na kumwacha mgonjwa kwa sababu mfuko ambamo dawa inakaa una tofauti ndogo kati ya ndugu hao wawili. Hapo ndipo ukoo wa protini unapokuwa suala la uhai na kifo: kufanana kunatuambia kimeng'enya ni cha lazima, tofauti inatupa mahali pa kupiga.

Mvushaji yuko hatua moja tu baada ya mkasi huo. Ni wa lazima, ana kidole cha zinki ambacho sisi hatuna, anatumia injini ambayo sisi hatuitumii kwa kazi hiyo, na analiegemea tundu lililojengwa tofauti na letu. Hakuna dawa iliyofika kwa wagonjwa inayomlenga. Kwa maoni yangu ni uzembe wa kibiashara zaidi kuliko ugumu wa kisayansi, maana wagonjwa wa rhodesiense ni wachache, maskini, na wanaishi mbali na maduka ya dawa.

Wachache si sawa na kutokuwepo. Mbung'o bado wapo Rubondo, Kigosi, Moyowosi na Serengeti, na watu wa Bukombe, Kahama, Kaliua na Meatu wanaingia maporini kuchunga, kurina asali na kutafuta dhahabu. Siku hizi vituo vingi vinapima malaria kwa kipimo cha haraka, na kipimo hicho hakiwezi kuonyesha trypanosoma; anayeweza kuiona ni mtu wa maabara aliyeiweka damu chini ya hadubini. Kwa hiyo ukipata homa baada ya kuumwa na mbung'o, hasa ukiona jipu au kidonda pale ulipoumwa, usikubali kurudi nyumbani na jibu la malaria peke yake. Mwambie mhudumu ulikotoka, na mwombe aipime damu yako kwa hadubini.